Mtaalamu wa kujitegemea

Mtu anayeandaa taarifa za shirika moja kwa vyombo vya habari huku akipanga kampeni ya kampuni nyingine, bila kuajiriwa na yoyote kati yake, ana majina matatu katika Kiswahili cha sasa: frilansa, mfanyakazi huru na mtaalamu wa kujitegemea. Wengi huyachanganya. Naona ni la mwisho tu linalostahili kuandikwa kwenye mkataba.

Frilansa limetoka Kiingereza, na huko lilianzia vitani. Walter Scott, katika riwaya ya Ivanhoe iliyotoka mwishoni mwa 1819, aliwaita hivyo askari wa kukodiwa, wapiganaji wa mikuki wasiofungwa kwa bwana mmoja. Baadaye likahamia kwa waandishi waliouza makala kwa mhariri yeyote.

Waliosema "mfanyakazi huru" walifuata Kiingereza. Lakini huru, kwa Mswahili, ni kwanza kinyume cha mtumwa, na sioni kwa nini aliyeajiriwa adhaniwe hana uhuru. Neno mfanyakazi lina madhara makubwa zaidi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, ikiwepo hata dalili moja kati ya kadhaa: namna anavyofanya kazi au saa zake zinaamuliwa na mtu mwingine, anapewa vifaa, anamtegemea huyo kwa riziki, anamtumikia yeye peke yake, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anayeitwa mfanyakazi kisha akanyimwa likizo na michango ya hifadhi ya jamii amebebeshwa jina lisilo na haki zake.

Kibarua nalo halifai, ingawa lina historia nzuri: ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa. Kibarua huuza siku yake. Mtaalamu huyu huuza kazi iliyokamilika, iwe imemchukua saa mbili au wiki mbili, na bei yake hupangwa kwa msingi huo.

"Wa kujitegemea" limekwisha kuzoeleka. Tanzania ina mawakili wa serikali na mawakili wa kujitegemea. Vyumba vya habari vina waandishi wa kujitegemea, wanaolipwa kwa kila habari inayotoka. Azimio la Arusha la 1967 lililipa neno hili uzito wa taifa zima. Katika fani ya mawasiliano na masoko limeshuka hadi kwa mtu mmoja, na uzito haujapungua.

Wengi wa fani hii huanza hapo hapo kwenye habari za kulipwa moja moja. Kisha huingia ofisi ya uhusiano wa umma ya benki au shirika lisilo la kiserikali, wakajifunza bajeti, ripoti za wafadhili na namna ya kuzungumza na waandishi wakati wa balaa. Mradi unapoisha hutoka na ujuzi, pamoja na namba za watu. Miezi ya mwanzo huumiza: ankara hukaa bila kulipwa, na fedha zikifika kodi ya zuio ya asilimia 5 imeshakatwa. Bima ni juu ya mtaalamu mwenyewe, kompyuta ni yake, na siku ya ugonjwa haina malipo.

Anayedumu hutafuta wateja wawili watatu wanaomlipa kila mwezi. Hapa ndipo pa kuangalia sana. Mteja mmoja akishachukua muda wake wote, akampa meza na kumpangia saa za kufika, kujitegemea kumekwisha, mkataba useme utakavyosema, na mtaalamu ana haki ya kudai ajira. Asiyetaka kufika huko aandikishe mapema katika hadidu za rejea kazi zitakazokabidhiwa, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, picha zitakuwa za nani, na tarehe ya malipo.