Makanisa ya kambini: vita vikiisha, nyumba ya sala huwa ya nani?

Jeshi linapopiga kambi hujenga mahali pa kulala, pa kulia chakula na, mara nyingi, pa kusalia. Vita vinapokwisha, mahema hukunjwa na silaha huhesabiwa, lakini nyumba ya sala huacha swali ambalo ghala haliachi: ibomolewe, iuzwe, ihamishwe au wakabidhiwe wenyeji? Makala haya yanaeleza majibu yaliyotolewa Marekani na Afrika Mashariki baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na kwa nini swali hilo lingali hai nchini Rwanda.

Makanisa yaliyosafiri

Mwaka 1941 Bunge la Marekani liliidhinisha fedha za kujenga makanisa 604 katika kambi za jeshi lililokuwa likipanuka kwa kasi. La kwanza lilizinduliwa Arlington, katika jimbo la Virginia, mwezi Julai mwaka huo. Yalijengwa kwa mbao na kwa ramani ya namna moja ili yakamilike upesi. Nyumba hiyo hiyo ilitumiwa kwa zamu na Wakatoliki, Waprotestanti na Wayahudi; altare iliweza kusogezwa, na vifaa vya kila dini vikapangwa upya kabla ya ibada iliyofuata.

Mwaka 1946 serikali iliunda idara ya kuuza mali ya vita iliyozidi mahitaji, na makanisa hayo yakawa miongoni mwa vilivyouzwa. Mengi yalikatwa vipande, yakapakiwa kwenye malori na kuunganishwa tena mijini na vijijini, mbali na kambi. Jengo la mbao lililokusudiwa kudumu kwa muda wa vita tu likawa kanisa la parokia, ambamo watoto walibatizwa na wazee wakaagwa.

Yaliyobaki mahali pake

Katika eneo letu mambo yalikwenda kinyume: majengo yalibaki, watu ndio waliohama. Huko Mai Mahiu nchini Kenya, mateka wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakijenga barabara ya kuteremka Bonde la Ufa walijenga kanisa dogo la mawe mwaka 1942. Mateka walirudi kwao, kanisa likabaki kando ya barabara. Njia hiyo ni sehemu ya ushoroba unaounganisha Mombasa na Kampala na Kigali, hivyo madereva wengi wa malori yanayotuletea bidhaa hupita karibu na mlango wake.

Nyeri, pia nchini Kenya, jengo halikuhama, bali wafu ndio walioletwa kwake. Kanisa la ukumbusho lililokamilika mwaka 1952 lina mabaki ya wanajeshi 676 wa Kiitalia pamoja na kaburi la Amedeo, Mwanamfalme wa Aosta, aliyekuwa mtawala wa Ethiopia kwa niaba ya Italia na kufariki akiwa mateka jijini Nairobi mwezi Machi 1942.

Nyabyeya, katika wilaya ya Masindi nchini Uganda, wajenzi hawakuwa askari bali wakimbizi wa Kipoland waliofukuzwa makwao wakati wa vita. Walijenga kanisa kati ya mwaka 1943 na 1945. Vita vilipokwisha waliondoka, na waumini wa eneo hilo wakalirithi. Hadi leo wanasali humo.

Sheria za dini zinasemaje?

Kanuni ya 1222 ya sheria ya Kanisa Katoliki humruhusu askofu, kwa sababu nzito, kuliondoa kanisa katika matumizi ya ibada na kulielekeza katika matumizi ya kawaida, ilimradi yasiwe ya aibu. Wasomaji Waislamu watakumbuka hukumu ya wakfu, ambayo msingi wake ni kwamba kilichotolewa kwa ajili ya Mungu hakiuzwi wala hakirithiwi. Njia hizi mbili zinatofautiana, lakini zote zinakataa kuiona nyumba ya sala kuwa mali kama mali nyingine.

Swali la Rwanda

Nchini mwetu swali hili lina uzito wa pekee. Wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo. Kanisa la Nyamata, wilayani Bugesera, halikurudishwa katika ibada. Nguo za waliouawa zimewekwa juu ya mabenchi, na mwezi Septemba 2023 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero. Katika kanisa la Sainte-Famille, katikati ya jiji la Kigali, waumini wangali wanasali, ingawa nalo lilishuhudia mauaji.

Kila uamuzi una gharama yake. Kanisa likifungwa liwe ukumbusho, waumini hupoteza mahali pa kusalia. Likirudishwa katika ibada, manusura hulazimika kupita mlango ule ule. Kanisa la mbao liliweza kufunguliwa misumari na kupelekwa kwingine, likaanza maisha mapya bila kumbukumbu ya kambi. Nyamata haliwezi kuhamishwa, kwa kuwa maana yake iko pale yalipotokea. Kwa hiyo anayeamua hatima ya nyumba ya namna hii hana budi kuuliza kwanza waliosali humo walikuwa nani, na wangapi kati yao wamebaki wa kujibu.