Gari la turbo linapozima ovyo, mipira ya hewa ikaguliwe kwanza

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

GARI lenye turbo au supachaja linapoanza kuzima ovyo, lawama za kwanza huangukia pampu ya mafuta, kompyuta ya injini au turbo yenyewe. Hivyo vyote ni vifaa vya bei kubwa. Hata hivyo, chanzo cha tatizo huweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka au kibano kilicholegea, ambavyo fundi makini anaweza kuvikagua bila kufungua injini.

Kwa wamiliki wa magari wa nyanda za juu za Ufipa, suala hili lina uzito wa pekee. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na barabara nyingi za vijijini hujaa vumbi wakati wa kiangazi. Kutoka hapo, njia za kwenda Bonde la Ziwa Rukwa hushuka ukingo mkali wa Lyamba lya Mfipa, na ile ya kwenda bandari ya Kasanga, Ziwa Tanganyika, hushuka mita zipatazo 1,000. Injini ikizima kwenye miteremko ya namna hiyo, usukani huwa mgumu na breki hubakiwa na msaada wa kukanyaga mara chache tu.

Hewa nyepesi ya Ufipa

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kuunguza vizuri kilo moja ya mafuta. Katika mwinuko wa Sumbawanga, shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 ya lile la Dar es Salaam. Kwa hiyo injini ya kawaida hupanda kilima ikiwa na hewa pungufu, na nguvu zake hupungua.

Turbo na supachaja zilibuniwa ili kuisukumia injini hewa zaidi. Turbo huzungushwa na moshi wa eksozi, na hataza yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1905 kwa mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, kwa kawaida kwa mkanda. Subaru Forester na Impreza za turbo ni mfano wa kundi la kwanza. Kundi la pili lina magari kama Mercedes-Benz zenye nembo ya Kompressor na baadhi ya Toyota Estima za miaka ya 1990.

Kanuni ya kulisha moto kwa hewa si ngeni Ufipa. Wafuaji chuma wa Kifipa walijenga matanuri marefu ya udongo, yaliyojulikana kama malungu, ambayo yalijivutia hewa yenyewe kupitia matundu na mirija ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa kwenye tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Turbo ni mvukuto wa injini, na mvukuto uliotoboka hauwezi kuukoleza moto.

Mwinuko huongeza mzigo wa mvukuto huo. Ili kufikisha shinikizo la kilopaskali 150 ndani ya injini, turbo iliyoko pwani huhitaji kuzidisha shinikizo la hewa mara 1.5 hivi. Sumbawanga, turbo hiyo hiyo huhitaji kulizidisha takriban mara 1.85. Hewa ikivuja njiani, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufidia upungufu, na maisha yake hufupika.

Sehemu tatu za kuvuja

Magari mengi ya kisasa yana sensa ya kupima hewa, ambayo hukaa mara tu baada ya chujio. Kompyuta hupanga kiasi cha mafuta kwa kufuata kipimo cha sensa hiyo. Hewa yoyote inayoingia au kutoka baada ya hapo huivuruga hesabu. Ni muhimu kujua ufa uko sehemu gani, kwa kuwa kila sehemu ina dalili zake.

Sehemu ya kwanza ni kati ya sensa na turbo. Hapa turbo hunyonya wakati wote, hivyo ufa huingiza hewa ambayo haikupimwa wala kuchujwa. Injini hukosa mafuta ya kutosha, hutetemeka na huweza kuzima. Hatari kubwa zaidi ni vumbi. Chembe za mchanga hugonga mapanga ya turbo yanayozunguka kwa kasi kubwa, kisha huingia ndani na kusaga pistoni na ringi. Mpira wa bei ndogo usipobadilishwa, mmiliki huweza kuishia kununua injini.

Sehemu ya pili ni kati ya turbo na throto, yaani kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedeli ya mafuta. Humo mna mabomba, mipira na intakula inayopoza hewa. Dereva akivuta mafuta, hewa iliyokwisha kupimwa hutoka nje kwa shinikizo. Mafuta huzidi hewa, eksozi hutoa moshi mweusi, nguvu hupungua na unywaji wa mafuta huongezeka. Mlio wa kupuliza husikika gari likipanda mlima.

Sehemu ya tatu ni baada ya throto: menifodi ya kuingizia hewa, gasketi yake na mipira midogo inayoungana nayo. Injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inaunguruma gari likiwa limesimama, eneo hili huwa na mvuto mkali wa ndani. Ufa huvuta hewa ya ziada, sailensi hupanda na kushuka, na gari huzima kwenye taa au kwenye makutano. Katika baadhi ya injini za supachaja, throto iko kabla ya supachaja, kwa hiyo maungio ya supachaja yenyewe nayo huingia kwenye kundi hili.

Yapo pia magari yasiyo na sensa ya kupima hewa, ambayo kompyuta yake husoma shinikizo lililomo ndani ya menifodi. Kwa magari hayo, ufa baada ya throto mara nyingi hupandisha sailensi badala ya kuizima injini. Mmiliki amweleze fundi gari lake ni la aina gani kabla kazi haijaanza.

Mlio wa kupendeza, injini inayozima

Baadhi ya vijana hubadilisha valvu ya kupunguzia hewa ya turbo ili gari litoe mlio wa kupuliza dereva anapoachia mafuta. Valvu ya kiwandani kwa kawaida huirudisha hewa hiyo kwenye mpira ulio kabla ya turbo. Ile ya mlio huimwaga nje. Kwa gari lenye sensa ya kupima hewa, kompyuta huwa imekwisha kuihesabu hewa iliyomwagwa na kutoa mafuta yake. Mafuta huzidi ghafla, na injini huweza kuzima gari linapokaribia kusimama. Dalili hiyo ikianza baada ya mabadiliko ya namna hii, dawa ni kurudisha valvu ya awali.

Breki zisisahaulike

Magari mengi ya petroli hutumia mvuto wa menifodi kuisaidia busta ya breki. Mpira wa busta ukipasuka, au kiwambo chake cha ndani kikitoboka, injini huyumba na breki huwa ngumu. Sailensi ikibadilika kila breki inapokanyagwa, na mlio wa kufyonza ukisikika karibu na pedeli, gari lisishuke mlima kabla halijatengenezwa.

Kipimo chake ni rahisi. Gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa, pedeli ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Kisha dereva aendelee kuikanyaga na kuwasha injini. Busta nzima huifanya pedeli ishuke kidogo. Isiposhuka, kuna hitilafu.

Namna ya kutafuta ufa

Kazi ianze injini ikiwa baridi. Fundi akague kifuniko cha chujio, vibano vyote na mipira yenye mikunjo, akiikunja kwa mkono, kwani nyufa nyingi hufunguka pale tu injini inapotikisika. Alama ya mafuta yaliyoshika vumbi kwenye maungio ya intakula huonyesha mahali hewa inapotokea.

Hatua ya pili ni kusoma kompyuta. Msimbo P0171 huashiria hewa kuzidi mafuta, P0172 mafuta kuzidi hewa, na P0299 turbo kutofikisha shinikizo linalotakiwa. Mashine ikionyesha kwamba kompyuta inaongeza mafuta mengi kwenye sailensi, lakini nyongeza hiyo inapungua injini ikifika mizunguko 2,500 kwa dakika, ufa unashukiwa kuwa baada ya throto. Hapo mipira midogo ibanwe mmoja mmoja kwa koleo laini. Ule ambao ukibanwa injini hutulia ndio unaoelekeza kwenye kosa.

Hatua ya tatu ni kipimo cha shinikizo. Injini ikiwa imezimwa, mdomo wa turbo huzibwa kwa kizibo chenye valvu ya tairi, kisha hewa huingizwa polepole kuanzia psi 5, bila kuvuka kiwango ambacho turbo hiyo hutoa kwa kawaida. Maji ya sabuni yakimwagwa kwenye maungio, povu huonyesha ufa. Mtu asisimame mbele ya kizibo, kwa kuwa huweza kufyatuka. Mpira wa kupumulia wa injini uzibwe ili shinikizo lisisukume sili za mafuta.

Baadhi ya mafundi hupuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira wakati injini ikiunguruma, ili wasikie ikibadilika. Njia hiyo iepukwe, kwani turbo na eksozi zenye moto huweza kuwasha mvuke huo.

Matengenezo yanayodumu

Mpira uliopasuka hubadilishwa. Kuufunga kwa utepe wa tyubu ya tairi ni msaada wa kufika gereji tu. Shinikizo na joto huulegeza baada ya muda mfupi. Kabla ya kufunga mpira mpya, mafuta yafutwe kwenye mabomba ili usiteleze, na kibano kiwe cha saizi yake. Sensa isafishwe kwa dawa yake maalumu bila kuguswa kwa kidole, kisha misimbo ifutwe na gari lijaribiwe barabarani.

Tahadhari kwa magari ya dizeli

Land Cruiser, Hilux na malori ya dizeli yenye turbo yana kanuni tofauti. Ufa kwenye mabomba ya hewa huyatoa moshi mweusi na kuyapunguzia nguvu, lakini ni nadra kuyazima. Dizeli ikizima, uchunguzi uanze kwenye mafuta: chujio lililoziba, maji kwenye tangi, au hewa inayoingia kwenye paipu za mafuta.

Msafiri anayetoka Sumbawanga kwenda Tunduma ana takriban kilomita 220 za lami mbele yake, barabara iliyojengwa kwa fedha za MCC ya Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008. Anayeshuka kwenda bondeni hana nafasi pana ya kusimama kando. Kwa wote wawili, ukaguzi wa mipira, vibano na busta ya breki ufanyike kabla ya safari, na kila mara chujio la hewa linapobadilishwa.