Orodha ya usalama wa upasuaji iliyojaribiwa Ifakara

Ifakara, mji wa kusini mashariki mwa Tanzania, ni mmoja wa miji minane ambako Shirika la Afya Duniani (WHO) lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji kati ya mwaka 2007 na 2008. Miongoni mwa mingine ni London, Toronto na Manila.

Orodha hiyo ina vipengele 19. Vingi havihitaji vifaa vya gharama. Vinahitaji wahudumu wasemezane. Kabla ya dawa ya usingizi, huthibitishwa jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na mahali utakapofanyika. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hutaja jina na wajibu wake. Jambo hilo huonekana dogo, lakini muuguzi ambaye sauti yake imekwisha kusikika huwa na ujasiri zaidi wa kumzuia daktari bingwa anapokosea. Mwishoni, muuguzi hutamka kwamba sindano na vitambaa vimehesabiwa na vimetimia, kisha timu hujadili mambo ya kuangaliwa mgonjwa anapopata nafuu.

Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionesha vifo vikipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hata hivyo, utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2014, haukuona upungufu wa maana. Baadhi ya wataalamu walieleza kuwa karatasi huweza kuwekwa alama zote pasipo timu kuzungumza.