Mwili Hauna Kosa

Kuna kijana kwenye kikundi chetu, mrefu, anatembea ameinama. Nyumbani walimfundisha kujificha, maana urefu unaponza.

Hofu hiyo ina historia. Wabelgiji walitawala Ruanda-Urundi kuanzia 1916 hadi 1962. Wataalamu wao walipima watu pua na kimo, wakasema huyu Mtutsi, yule Mhutu. Vipimo viliondoka, lakini macho yale yalibaki. Vita vilipoanza, baada ya Rais Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, sura peke yake iliweza kumuua mtu barabarani.

Ila Bujumbura ni mji wa bandari pia. Biashara ya ziwa ilileta watu kutoka Kongo na Tanganyika. Wengi wakakaa Buyenzi, wakaongea Kiswahili, wakaitwa Waswahili. Hapo jina halikutoka kwenye pua. Bandarini kinachopimwa ni mzigo, sio mtu.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, mkimwona kijana ameinama msiseme tu "hajiamini". Muulizeni nani alimfundisha kuinama. Na wewe kijana mwenzangu, mwili wako hauna kosa. Simama.