Flirting with Disaster

Flirting with Disaster ni filamu ya vichekesho iliyotoka Marekani mwaka 1996. Iliandikwa na kuongozwa na David O. Russell, na kusambazwa na Miramax. Inamhusu mwanamume aliyeasiliwa akiwa mchanga ambaye, baada ya kupata mtoto wake wa kwanza, anashindwa kumpa jina mpaka kwanza awajue waliomzaa yeye mwenyewe.

Mwanamume huyo ni Mel Coplin (Ben Stiller), mtaalamu wa wadudu anayeishi New York. Anafunga safari na mkewe Nancy (Patricia Arquette), kitoto chao kisicho na jina, na Tina Kalb (Téa Leoni), mtumishi wa wakala wa kuasili watoto, ambaye anataka kuirekodi kwa video siku ya mzazi na mwana kukutana. Ilikuwa iwe safari moja tu, ya San Diego, kwa Valerie Swaney (Celia Weston). Mel anakumbatiwa, anaanza kujiona kweli amefanana na mama, na wanyama wa kioo ambao mwenyeji wake amewakusanya wanavunjika vipande vipande. Kumbe kumbukumbu za wakala zina makosa: mama siye.

Michigan mambo ni yale yale. Fritz Boudreau, dereva wa malori, anadhaniwa kuwa baba. Mel, akitaka kuonyesha kwamba damu ya udereva anayo, anashika usukani wa lori na kulibamiza kwenye jengo la posta. Hapo ndipo wanapoingia maafisa wawili wa serikali kuu, Tony (Josh Brolin) na Paul (Richard Jenkins), ambao ni wapenzi. Tony alisoma na Nancy, na ukaribu wao unamkosesha Mel raha, ingawa yeye mwenyewe jicho lake halibanduki kwa Tina.

Wazazi wa kweli wanapatikana New Mexico: Richard na Mary Schlichting (Alan Alda na Lily Tomlin), wasanii wapole waliomwacha mwana wao kwa sababu ya kesi ya kutengeneza dawa ya kulevya ya LSD. Kazi hiyo hawajaiacha. Mwana wao mwingine, Lonnie, anaitia dawa katika kware aliyekusudiwa kuliwa na Mel, lakini anayemla ni Paul, afisa wa sheria.

Ujanja mkubwa wa Russell uko katika kuchagua wazazi. Mary Tyler Moore na Alan Alda walikuwa sura za televisheni ambazo Wamarekani wa rika la Mel walikua nazo sebuleni, yeye kwa kipindi kilichobeba jina lake (1970–1977), Alda kwa M*A*S*H (1972–1983). Hapa Moore ni Pearl, mama mlezi aliyejaa wasiwasi, na mtazamaji aliyemzoea kama dada mwenye tabasamu anashtuka kumwona akipandisha blauzi ili kumwonyesha mkaza mwana faida ya sidiria nzuri. George Segal, anayecheza Ed, mumewe, hana utulivu zaidi yake. Lakini ni hawa walezi wenye kelele, si Schlichting watulivu, wanaomfuata Mel hadi jangwani.

Kasoro ipo. Filamu inamcheka anayetafuta asili yake bila kukaa sana na uchungu wa kumtoa mtoto, na Tina anabaki chombo cha kuvuruga ndoa kuliko kuwa mtu kamili. Hata hivyo Jenkins, mkavu na mwenye haya kabla ya kumla yule kware, anastahili kutazamwa peke yake.

Filamu ina urefu wa dakika 92. Ilionyeshwa Cannes mwaka 1996 katika kitengo cha Un Certain Regard, miaka 2 baada ya Russell kuanza na Spanking the Monkey. Mwaka 2004 alimrudisha Tomlin katika I Heart Huckabees, safari hii akiwa mpelelezi anayekodiwa na watu wanaotaka kujua maana ya maisha yao.