Kimondo cha Mbozi na Elimu ya Wengi

Msafiri atokaye Mbeya kuelekea Tunduma, mpakani mwa Zambia, hupita Wilaya ya Mbozi, ambamo imo kata ya Nanyala. Kwetu sisi wa visiwani jina hilo ni geni. Mwenye simu akilitafuta hukutana na makala fupi ya Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003 na ambayo huandikwa na yeyote apendaye. Ataambiwa kuwa Nanyala ni kata, iko Mbozi katika Mkoa wa Songwe (mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016), na watu wake ni kadha wa kadha. Watu hao wanajua nini, hilo halikuandikwa.

Na Mbozi wanajua mengi. Katika wilaya hiyo, kwenye kilima cha Marengi, kimelala kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 hivi, na uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16. Vitabu husema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Neno hilo "kiligunduliwa" lataka kuangaliwa vyema. Wenyeji walikijua tangu mababu, ila yasemekana kukitaja mbele ya wageni kulikuwa mwiko. Kilichotokea mwaka 1930 ni kwamba elimu ya wengi ilipata mwandishi, na mwandishi akawa ndiye mwenye nayo. Wataalamu walikata kipande wakakipima, wakaona takriban sehemu 90 kwa mia ni chuma, na nyingi ya zilizosalia ni nikeli.

Ajabu ni kwamba Wanyiha, wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga tanuri ndefu za udongo zilizojivutia upepo zenyewe pasina mivukuto, kisha wakasafisha chuma hicho katika tanuri ndogo iliyovukutwa. Kazi hiyo haikuwa ya kichwa kimoja. Ilitaka ajuaye mawe, ajuaye mti wa makaa, ajuaye dawa na miiko, na vijana wa kuchimba na kubeba. Majembe ya dukani yalipozagaa, tanuri zikapoa. Hakuna aliyeipiga marufuku elimu ile kwa siku moja. Ilikosa tu mahali pa kukutania, na alichokijua kila mmoja peke yake hakikutosha kuwasha moto.

Pwani twaujua msiba huu, na pia twaijua dawa yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840, na mashairi yake mengi yakabaki vifuani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyafafanua, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor, mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani. Tunamsoma Muyaka leo kwa sababu mji mzima ulimhifadhi, na kwa sababu twajua ni nani aliyeyapokea mashairi hayo kutoka vinywani mwa watu.

Hilo la pili ndilo linalopungua katika mitandao ya leo. Katika WhatsApp shairi hufika asubuhi likiwa limekatwa jina la mtunzi, au limebandikwa jina la Shaaban Robert asiyehusika nalo. Dawa ya homa, historia ya ukoo na habari ya uchaguzi husafiri vivyo hivyo, na aulizwaye kazipata wapi hujibu, "Nimetumiwa." Wazee wetu wa elimu wasingelikubali jibu hilo, walitaka isnadi, fulani kapokea kwa fulani. Sioni kuwa wengi wamekuwa wajinga kuliko zamani. Ila zamani aliyeleta habari barazani alikaa hapo hapo akahojiwa, na kesho yake alirudi kukaa na wale wale.

Kwa upande huu kamusi elezo ile, pamoja na upungufu wake, ina adabu ya kale: nyuma ya kila makala kuna ukurasa wa historia uoneshao nani kaongeza neno gani, na tarehe gani. Makala ya Nanyala nayo inao ukurasa huo. Bado haujaandikwa humo lolote kuhusu tanuri, wala juu ya chuma kilicholala Marengi, na vijana wa Mbozi wenye simu mkononi wangali na babu wa kuwauliza.