Kunenepa kwa msuli wa moyo kwa sababu ya shinikizo la damu

Kunenepa kwa msuli wa moyo kwa sababu ya shinikizo la damu ni badiliko linaloikumba hasa ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu kwenye aota ili isambae mwilini. Chumba hicho kikifanya kazi kwa miaka dhidi ya shinikizo lililozidi, ukuta wake huongezeka unene na uzito. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukuta huo una unene wa milimita 6 hadi 10, na moyo mzima una uzito wa gramu 300 hivi. Moyo wa mtu aliyekaa na presha muda mrefu bila tiba unaweza kupita gramu 500. Hali hii si adimu: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kati ya watu 100 wenye shinikizo la juu la damu, 36 hadi 41 wanayo. Wengi wao hawahisi chochote.

Mambo huanzia kwenye vali ya aota, ambayo haifunguki mpaka shinikizo ndani ya ventrikali lipite lile lililomo kwenye aota. Kwa mwenye presha ya 120/80, vali hufunguka shinikizo likishapita milimita 80 za zebaki, na msuli huendelea kukaza mpaka 120. Kwa mwenye 180/110, msuli lazima ufikishe 110 kabla ya tone la kwanza kutoka, kisha uendelee hadi 180. Kazi hiyo hurudiwa takriban mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana, hata mwenyewe akiwa amelala.

Mzigo huo huonekana kama mkazo ndani ya ukuta. Kanuni inayopewa jina la mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace (1749–1827) inasema kwamba mkazo wa ukuta huongezeka kadiri shinikizo na upana wa chumba vinavyoongezeka, na hupungua kadiri ukuta unavyokuwa mnene. Kwa kunenepa, basi, moyo huugawa mzigo kwa msuli mwingi zaidi na kuurudisha mkazo karibu na kiwango chake cha awali. Hapo mwanzo ni njia ya kujiokoa, na ndiyo maana mgonjwa huweza kuishi miaka mingi akijiona mzima.

Seli za msuli wa moyo wa mtu mzima karibu hazigawanyiki. Watafiti nchini Uswidi, wakitumia kaboni 14 iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli hizo kwa mwaka, na mtu wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo ukuta haunenepi kwa kupata seli nyingi, bali kila seli huvimba. Seli ikihisi kuvutwa kuliko kawaida, na homoni kama anjiotensini na noradrenalini zikizidi kuichochea, huunda nyuzi mpya za kukaza na kuzipanga ubavu kwa ubavu na zile za zamani. Seli hunenepa, chumba kikibaki na upana uleule au kikawa finyu zaidi. Jeni zilizokuwa na kazi kabla mtoto hajazaliwa, kisha zikanyamaza, nazo huamka upya.

Wengi hudhani msuli wa moyo ukikua ni sawa na bega la mchukuzi wa bandarini, ambalo mizigo huliongezea nguvu. Ni dhana inayodhuru. Seli zinapovimba, kapilari za kuzilisha haziongezeki kwa kasi hiyohiyo, na tabaka la ndani la ukuta, lililo mbali zaidi na mishipa inayoulisha moyo, huanza kukosa oksijeni. Pembeni mwa seli hizo, seli za tishu unganishi humwaga kolajeni, ukuta ukawa na makovu madogo madogo na kukakamaa. Mwanariadha wa mbio ndefu naye ana moyo mkubwa, lakini wa kwake huongezeka unene pamoja na nafasi ya chumba, hauna makovu hayo, hulegea vizuri, na hupungua akiacha mazoezi.

Kulegea ndiko hasa kunakoharibika kwanza. Moyo hujaa damu wakati umelegea, na ukuta mgumu hukataa kutanuka. Ili damu iingie, shinikizo katika atiria ya kushoto, chumba kilicho juu ya ventrikali hiyo, hupanda, nalo husukumwa nyuma hadi mapafuni. Mgonjwa huanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi au mlima, baadaye hata akilala chali, ingawa kipimo kinaweza kuonyesha kwamba moyo wake bado unasukuma damu kwa kiwango cha kawaida. Atiria iliyotanuka huelekea kupiga bila mpangilio, damu ikaganda ndani yake, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo husababisha kiharusi. Umeme wa moyo ukivurugika kwenye makovu ya ventrikali, kifo cha ghafla kinaweza kutokea. Wengine hufikia hatua ambapo ukuta huchoka, chumba hupanuka, na nguvu ya kusukuma hushuka. Utafiti wa Framingham, ulioanza huko Massachusetts mwaka 1948, ulionyesha mwaka 1990 kwamba uzito wa ventrikali ya kushoto hubashiri ugonjwa na kifo hata baada ya kuzingatia presha yenyewe.

Unene huu ulionekana zamani: daktari Mwingereza Richard Bright aliandika mwaka 1836 kuhusu mioyo minene aliyoikuta katika maiti za wagonjwa wa figo. Hakuwa na chombo cha kupima presha: mkanda wa mkononi wa Scipione Riva-Rocci ulikuja mwaka 1896, na njia ya Nikolai Korotkov ya kusikiliza sauti za mshipa chini ya mkanda mwaka 1905.

Picha ya eksirei ya kifua inaweza kuuonyesha moyo ulionenepa hivi kuwa na ukubwa wa kawaida, kwa kuwa unene umeongezeka kuelekea ndani. Kipimo cha umeme wa moyo hutumia vigezo vya Sokolow na Lyon vya mwaka 1949, ambapo jumla ya vimo vya mawimbi ya milimita 35 au zaidi huashiria kunenepa, lakini huwakosa wagonjwa wengi. Eko, kipimo cha mawimbi ya sauti, hukadiria uzito wa ventrikali wenyewe: zaidi ya gramu 115 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili kwa mwanamume, au 95 kwa mwanamke, huhesabiwa kuwa umezidi.

Barani Afrika jambo hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa THESUS-HF wa mwaka 2012, uliofuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9, Kenya na Uganda zikiwamo, uliikuta presha kuwa chanzo kwa karibu asilimia 45 yao, na wastani wa umri ulikuwa miaka 52 tu. Hao ni watu wenye watoto shuleni na wazazi wa kuwatunza, na chanzo cha ugonjwa wao kilikuwa cha kupimika kwa mkanda wa mkononi.

Unene huu unaweza kurudi nyuma. Utafiti wa LIFE wa mwaka 2002 uliwahusisha wagonjwa 9,193 wenye presha na moyo ulionenepa. Waliopewa dawa ya losartan walipungukiwa unene zaidi ya waliopewa atenolol, na viharusi vilikuwa vichache zaidi. Hata hivyo, washiriki weusi 533 hawakupata nafuu hiyo ya ziada dhidi ya viharusi. Swali la dawa zinazowafaa Waafrika lilishughulikiwa na utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi 6, zikiwamo Kenya na Uganda: amlodipine ikiambatana na dawa ya kuongeza mkojo au na perindopril ilishusha presha zaidi kuliko dawa hizo mbili zikitumika bila amlodipine. Kupunguza chumvi na uzito wa mwili huongeza nafuu. Seli huweza kuanza kupungua ndani ya mwaka wa kwanza wa tiba isiyokatizwa, huku kolajeni ikiyeyuka polepole zaidi, na anayeacha vidonge kwa kuwa anajisikia vizuri huurudishia ukuta mzigo uleule.